Mpango wa kurudisha kwa jamii ukizingua: anza na dalili, sababu utazikuta

Hii ni kwa wenye biashara ndogo huku kwetu Tanzania, duka la vifaa vya ujenzi, saluni ya stafu sita, kampuni ya canter tatu, bekari, famasi ya mtaani, ambao wameamua misaada wanayotoa iwe na utaratibu badala ya kumpa tu kila anayebisha hodi. Mabenki na makampuni ya simu wana vitengo vya kazi hiyo, migodi nayo toka sheria ya madini irekebishwe 2017 inatakiwa iandae mpango kila mwaka na kukubaliana na halmashauri. Wewe hakuna anayekulazimisha, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayekuelekeza, matokeo yake watu wanaanza kwa moyo mzuri alafu miezi michache mbele wanalalamika malalamiko yale yale.

Nimepanga kwa dalili. Tafuta inayofanana na ya kwako, usisome zote kama huna haja. Chini ya kila dalili sababu ya kwanza ndo inayotokea sana, za chini ni za nadra, na ukaguzi wa bure unaanza kabla ya ule wa kulipia mtu. Ukiona SIMAMA HAPA, acha kujitibu mwenyewe.

Dalili: maombi hayaishi na kila anayekuja anaondoka na kitu

Jumatatu barua ya kwaya, Jumanne kadi ya mchango wa harusi, Jumatano vijana wa mtaa wanataka jezi za ndondo, Alhamisi msiba wa jirani wa fremu ya pili, Ijumaa futari. Mwisho wa mwezi unajumlisha unakuta laki nne imetoka na huwezi kutaja hata kitu kimoja kilichobadilika pale mtaani.

Sababu namba moja: hela ya msaada na hela ya droo ni hela ile ile. Kama hakuna fungu lililotengwa basi hakuna siku ambayo fungu limeisha, na mwombaji hawezi kuambiwa limeisha, kwa hiyo anayejua kuomba vizuri anapata na mwenye shida kweli akija tarehe mbaya anakosa.

Ukaguzi wa dakika chache: chukua daftari na miamala ya simu ya miezi mitatu iliyopita, gawa kila ulichotoa kwenye mafungu matatu. La kwanza ni ya familia na kujuana (harusi, kipaimara, arobaini, sendoff, msiba), la pili dini, la tatu jamii, yaani shule, zahanati, yatima, maji. Mimi nashika vitabu vya biashara ndogo na nakwambia kabisa lile fungu la kwanza ndilo linalomeza hela karibu kila sehemu, watu wanadhani wana mpango wa jamii kumbe wana mpango wa harusi. Sisemi usichangie harusi, utachangia tu, hapa ni Bongo. Ila hiyo ni ya kwako wewe kama mama fulani au baba fulani, itoke kwenye hela unayojilipa, isiingie kwenye vitabu vya biashara.

Sababu ya pili: anayepokea ombi ndo huyo huyo mwenye uamuzi na yuko kaunta. Mtu akisimama mbele yako na barua yenye muhuri, na nyuma yake wateja wanne wanasikiliza, huwezi kusema hapana, mwili wenyewe unakataa. Tenganisha. Barua zote zinapokelewa na mtu mwingine, zinaandikwa kwenye daftari, zinajibiwa siku moja kwa mwezi. Muuza duka afundishwe sentensi moja tu: "Tumeipokea mama, kikao ni mwisho wa mwezi, tutakupigia." Na lazima umpigie kweli hata kama ni hapana, usipompigia atarudi, na atarudi na mjumbe.

Kiasi? Anza na kidogo unachoweza kukitoa hata mwezi mbaya. Napendelea asilimia ya faida ya mwezi ambao hesabu zake zimefungwa, si ya mauzo, mana mauzo yanadanganya hasa kwa wenye biashara za faida ndogo kama jumla ya unga na sukari. Asilimia moja au mbili inatosha kwa kuanza, ukiona inaenda unaongeza. Alafu toa humo humo kipande kidogo cha dharura kwa ajili ya mambo yasiyosubiri kikao, moto, mafuriko, msiba wa mfanyakazi.

Sababu ya tatu, hujachagua jambo. Andika karatasi ya nusu ukurasa tu, usiende kunakili sera ya kurasa kumi na mbili ya kampuni ya nje uliyoikuta mtandaoni. Mfano kwa duka la vifaa vya ujenzi:

"Tunasaidia ukarabati wa vyoo na madarasa katika shule za msingi za serikali ndani ya kata yetu. Tunatoa vifaa, si fedha taslimu. Maombi yapitie kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule. Hatuchangii sherehe, kampeni za siasa wala mtu mmoja mmoja kupitia mpango huu. Fungu la mwaka huu ni kiasi kadhaa, likiisha tunasubiri mwakani."

Bandika ukutani palipo na leseni. Utashangaa nguvu ya karatasi ya ukutani, mtu anaisoma anarudisha barua yake mfukoni mwenyewe bila ugomvi.

Dalili: tumetoa hela ila hatujui ilienda wapi

Mara nyingi sio wizi. Nasema hivi mapema mana watu wakikosa ripoti wanarukia kwenye "wapigaji hao" kabla ya kuangalia walichofanya wenyewe.

Inayoongoza: hukuomba ripoti. Ulitoa, mkapiga picha, mkaagana. Wenzio wana shughuli mia, hawawezi kukuandikia kitu ambacho hukukisema siku ya kwanza. Dawa ni kabla ya kutoa mkubaliane vitu vitatu kwa maandishi, hata kwa meseji ya WhatsApp: hela inanunua nini, lini, na ushahidi gani utarudi (risiti za EFD, yaani za mashine ya TRA, picha ya kitu chenyewe kilipofungwa, saini ya mpokeaji). Hela ikiwa nyingi gawa, nusu sasa, nusu risiti za kwanza zikirudi.

Inafuata: ulimtumia mtu, sio taasisi. Angalia muamala wako, jina lililotokea baada ya kuweka namba ni la nani? Kama ni la mwenyekiti mwenyewe au "mtunza hazina wetu" basi hata kama ni mwaminifu kama nini hakuna atakayekuthibitishia. Lipa kwenye akaunti ya benki au lipa namba yenye jina la taasisi lilelile lililoko kwenye cheti. Na kama unachochangia ni cha halmashauri au shule ya serikali na wanataka fedha, omba control namba, malipo ya serikali yanapita kwenye mfumo na yanatoa stakabadhi. Ukiambiwa "control namba ina usumbufu bosi, tuma tu hapa kwa namba yangu", umeshapata jibu lako.

Ya tatu ni taasisi ambayo kisheria haipo, au ipo lakini si ile unayodhani. Hapa wengi wanachanganyikiwa mana hapa nchini hakuna daftari moja la wote. NGO iko kwa Msajili wa NGO, chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, kwa sheria ya 2002. Jumuiya na taasisi nyingi za dini ziko kwa Msajili wa Jumuiya, Mambo ya Ndani. Bodi za wadhamini ziko RITA, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini. Kampuni isiyogawana faida iko BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Vikundi vidogo vya mtaani utakuta vinajulikana halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii. Kwa hiyo mtu akikwambia "tumesajiliwa" swali lako la pili ni wapi, la tatu nionyeshe cheti, na kama ni NGO muombe na risiti ya ada ya mwaka huu, cheti kinaweza kuwa cha zamani na taasisi imekufa zamani vile vile.

Kituo cha kulea watoto kina la kwake tena. Cheti cha NGO hakitoshi, kulea watoto kunahitaji leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Kabla ya kupeleka hata mfuko mmoja wa mchele pita kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya umuulize kituo hiki mnakifahamu, ni swali la dakika tano.

SIMAMA HAPA: ukifika kituoni ukaona watoto wanafungiwa, wana majeraha, wanaombeshwa hela kwa wageni, au msimamizi hataki kabisa ufike bila taarifa, usianze kuhoji watoto wala kurekodi video. Ondoka, piga 116 ambayo ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi. Na usiendelee kupeleka hela "kwa ajili ya watoto tu", hela ndo inakifanya kituo kiendelee.

Dalili: tulidhani msaada utapunguza kodi, TRA imeukataa

Hii ndo inauma kuliko zote, na ndo watu wana maelezo ya vijiweni mengi kuliko ukweli. Twende taratibu.

Kwanza jiulize unalipa kodi gani. Kama wewe ni mfanyabiashara binafsi unayelipa kwa makadirio, yaani kodi inapigwa kwa kuangalia mauzo yako ya mwaka, basi hakuna gharama inayotolewa pale, si msaada, si kodi ya fremu, si umeme. Kwa hiyo msaada wako haupunguzi hata shilingi, toa kwa sababu unataka kutoa. Wengi waliokuja wanalalamika tunamalizana hapo hapo, hawakuwa na tatizo, walikuwa na matumaini tu.

Kama una kampuni, au ni mtu binafsi unayetengeneza hesabu na kulipa kwa faida, endelea kukagua kwa mpangilio huu.

Sababu ya kawaida kabisa: uliyempa hatambuliki kikodi kama taasisi ya hisani. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 16, inaruhusu kutoa mchango uliopelekwa kwa taasisi ya hisani au kwenye mradi wa maendeleo ya jamii. Ila "taasisi ya hisani" pale haina maana ya kila mwenye cheti cha NGO. Ni ile iliyoanzishwa kwa ajili ya kupunguza umaskini au dhiki, kuendeleza elimu, au kutoa huduma kwa umma kama afya, maji na barabara, na Kamishna wa TRA ameipa barua ya uamuzi inayosema hivyo, na barua hiyo bado iko hai. Kuna NGO nzuri tu, zinafanya kazi ya maana, na hazina hiyo barua, hazijawahi kuiomba. Kwa hiyo unapoomba nyaraka, pamoja na cheti omba nakala ya barua ya TRA. Hawana? Bado unaweza kuwapa, ila usiuhesabu kwenye kodi.

Inayofuata: umevuka ukomo. Michango hiyo inatolewa hadi asilimia 2 ya mapato ya biashara kabla ya kuutoa mchango wenyewe, na mapato hapo ni kile kinachobaki baada ya gharama, sio mauzo. Mfano kampuni imebaki na milioni 40. Asilimia 2 ni laki nane. Wewe ulitoa milioni moja na nusu kwa taasisi yenye barua zake zote safi. Laki nane inakubalika, laki saba inarudishwa kwenye hesabu na inatozwa kodi. Na hata ile laki nane haikurudishiwi yote kama watu wanavyosema vijiweni, kampuni inalipa asilimia 30, kwa hiyo kodi imepungua laki mbili na elfu arobaini, zile nyingine ni zako umezitoa kweli. Kama kampuni imepata hasara mwaka huo, asilimia 2 ya hakuna ni hakuna.

Kuna njia ambazo ziko nje ya huo ukomo, na biashara ndogo nyingi hazijawahi kuzisikia. Mchango kwenye Mfuko wa Elimu, ule ulioanzishwa kwa sheria ya 2001 na kusimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA), una kipengele chake peke yake. Kama nia yako ni madarasa, mabweni au maabara, wafuate TEA mapema uwaulize utaratibu, kabla hujanunua tofali hata moja.

Nyaraka. Hapa wanaanguka hata wenye nia safi. Unahitaji barua ya ombi, kumbukumbu ya kikao mlichoamua (karatasi moja yenye saini mbili inatosha), uthibitisho wa malipo kutoka akaunti ya biashara, stakabadhi ya taasisi yenye jina la kampuni yako, na ushahidi kitu kilifika. Kama ulinunua vitu ukavipeleka, risiti ya EFD iwe na TIN ya kampuni, sio risiti tupu ya "mteja". Picha ya kukabidhi siyo stakabadhi! Na tunza kwa miaka isiyopungua mitano.

Vitu kutoka stoo vina mtego wake. Mwenye duka anatoa mifuko thelathini ya saruji, hakuandika popote, mwisho wa mwaka stoo haiendani na mauzo ya mashine na afisa anauliza mifuko imeuzwa bila risiti? Kila unachogawa kiandikwe kinatoka stoo siku ile ile, kwa bei uliyonunulia sio bei ya kuuzia. Na kama umesajiliwa VAT na ulishadai VAT ya manunuzi ya mzigo ule, kuugawa bure kuna hesabu yake, usiinyamazie ukasubiri ukaguzi.

SIMAMA HAPA: ukishapokea barua ya makadirio kutoka TRA na hukubaliani nayo, huo sio wakati wa kuuliza kwenye magrupu. Una siku 30 za kuweka pingamizi, na sheria inataka ulipe kwanza theluthi ya kodi hiyo au kiasi usichobishia, kipi ni kikubwa. Tafuta mshauri wa kodi aliyesajiliwa wiki ile ile. Siku 30 zinaisha haraka kama mshahara wa Disemba.

Dalili: wafanyakazi wamenuna

Bosi ametangaza "sisi kama familia tumechangia zahanati", stafu wanapiga makofi ya kichovu, jioni wanasema mbovu kwenye bajaji.

Angalia kwanza kitu cha wazi ambacho wenye biashara hawapendi kukiangalia: mishahara imetoka kwa wakati? NSSF imepelekwa? Mtu anayesubiri mshahara wa mwezi jana akiona picha ya bosi wake anakabidhi magodoro, hakuna maelezo yatakayomtuliza, na kusema ukweli yuko sahihi. Kama kuna deni la stafu, mpango wa jamii usimame hadi deni liishe. Hilo kwangu halina mjadala.

Kama mishahara iko sawa, sababu inayofuata ni makato ya kuambiwa tu. "Kila mtu elfu tano, itakatwa juu kwa juu." Usifanye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inabana sana makato ya mwajiri kwenye mshahara, na mchango wa hiari uliokatwa bila hiari ni kesi CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) inayokusubiri siku mkigombana kwa jambo lingine kabisa. Njia rahisi kwa biashara ndogo ni kutokata kabisa, weka lipa namba ya mpango, anayetaka anatuma mwenyewe, asiyetaka hatajwi, na orodha ya waliotoa isibandikwe. Mkitaka kuwapa moyo biashara iongeze shilingi kwa shilingi hadi kiasi fulani. Na usimdanganye mtu kwamba mchango wake utapunguza PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, ile nafuu ya kifungu cha 16 ni ya mapato ya biashara.

Sababu nyingine ndogo ni kutoshirikishwa. Mwache stafu achague moja kati ya shule tatu, mtoto wake mwenyewe huenda anasoma hapo na anajua choo kipi kimeziba.

Dalili: msaada umefika na hautumiki

Kompyuta ziko kwenye maboksi kwa mwalimu mkuu. Simtanki lipo, maji hayapo. Taulo za kike zimegawiwa mara moja, mwezi wa pili wasichana wamerudi walikokuwa.

Hukuuliza, ndo sababu ya kwanza, na pia ya pili na ya tatu. Uliamua ofisini. Kabla ya kununua chochote nenda mara moja bila kamera, kaa na mwalimu mkuu na mtu wa kamati ya shule, uliza: kitu gani kimekwama kwa kukosa hela kidogo? Majibu huwa ya kawaida mno hadi yanaudhi, kufuli la stoo, pampu, bomba la mita ishirini, koki, mtu wa kuzibua. Ndivyo vinavyofanya kazi kesho yake.

Baada ya hapo angalia gharama ya kuendesha. Kila kitu unachotoa kina mwezi wa pili. Kompyuta zinataka umeme na fundi, pampu inataka luku, tanki linataka mtu wa kuliosha. Nani analipa? Kama jibu ni "tutaona" basi punguza ukubwa wa msaada na hela iliyobaki iwe ya uendeshaji wa mwaka mmoja. Najua haina picha nzuri.

Toa unachokijua. Fundi gereji afundishe vijana wawili wa mtaa kila mwaka, saluni inyoe watoto wa kituo kila mwisho wa mwezi, kampuni ya canter isafirishe madawati bure. Gharama yako ni ndogo, ubora unausimamia mwenyewe, na hakuna hela ya kupotea njiani.

SIMAMA HAPA: majengo na visima. Darasa au choo kwenye shule ya serikali kinatakiwa kifuate ramani na usimamizi wa mhandisi wa halmashauri, ukijenga kwa fundi wako wa mtaani unaweza kuambiwa ubomoe, au mbaya zaidi kikadondoka kikiwa na watoto ndani. Kuchimba kisima kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde (kwa Dar es Salaam ni Wami/Ruvu) na maji yapimwe kabla ya kunywewa na mtu. Vijijini waone RUWASA, wakala wa maji vijijini, kwanza, mana kisima kisichokabidhiwa kwa chombo cha watumia maji siku pampu ikifa hakina mwenyewe.

Dalili: tumeposti, watu wametushambulia

Fupi. Ama umeonyesha sura ya mtoto au mgonjwa anayelia akipokea sabuni, ama bango la kampuni ni kubwa kuliko msaada. Toa picha kwanza, jibu baadaye, usibishane kwenye komenti. Kuanzia sasa piga picha ya kitu, ya mikono, ya jengo, na mtu akionekana uwe na ridhaa yake ya maandishi, mtoto ridhaa ya mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na ina tume yake, na taarifa za watoto ni kati ya zile zinazolindwa zaidi. Ukipata barua ya mwanasheria wa familia, usiijibu mwenyewe.

Dalili: anayeomba mchango ndo anayekukagua

Barua imetoka ofisi ambayo wiki ijayo inakuja kukagua leseni, au moto, au afya. Au ni msimu wa uchaguzi na "mlezi wa timu" kumbe ni mgombea.

Sio kila barua ya serikali ina tatizo. Mchango wa Mwenge, madawati, maabara ya kata, hizi zipo na unaweza kukubali au kukataa kwa ustaarabu. Kagua tu: ina kumbukumbu namba? Imesainiwa na mkurugenzi au mtendaji kwa cheo chake? Malipo ni control namba? Ikipita hapo ipeleke kikaoni kama barua nyingine, na kama haipo kwenye jambo mlilochagua jibu kwa maandishi kwamba fungu la mwaka limeshapangwa.

Ikiwa malipo ni mkononi, au umeambiwa "tusaidie na sisi tutakusaidia", huo sio msaada wa jamii na usiuandike kwenye vitabu kama msaada, utakuwa umejiandikia ushahidi. Na hela ya mgombea au ya chama ina sheria yake, ile ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, haina nafasi kwenye fungu hili hata akija na mipira kumi na mbili.

SIMAMA HAPA: ukitishiwa kufungiwa usipochangia, usitoe kidogo ili yaishe, usirekodi kimya kimya ukaposti. Ongea na mwanasheria, au TAKUKURU kwa 113.

Dalili: ulianza kwa kishindo, mwezi wa nne kimya

Kiasi cha kudumu kwenye biashara isiyo na mapato ya kudumu. Uliahidi laki tatu kila mwezi ukiwa umetoka kwenye Disemba nzuri, ikaja Januari ya ada, ikaja Machi ya mvua wateja hawatoki. Badili kuwa asilimia, hela ikae akaunti yake, mkae mtoe kila miezi mitatu na si kila mwezi.

Au mpango ulikuwa kichwani kwa mtu mmoja, dada wa ofisi aliyekuwa anajua namba zote za simu kaolewa kahamia Mwanza. Daftari moja, watu wawili wenye kulijua, basi.

Au mlishika mambo mengi, shule, yatima, miti, timu ya mpira. Bakiza moja.

Kama hali ni mbaya kweli na mnaacha, mwambie mpokeaji kabla, hasa kama mnamlipia mtoto mahitaji ya shule. Mwambieni kabla muhula haujafungwa ili mzazi apate likizo nzima ya kutafuta, na kama mnaweza malizieni mwaka ule wa masomo hata kwa kupunguza kitu kingine ofisini.